Saa Nane ya Nani? Kumuuguza Mtoto Mdogo Ugenini

Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, na nyinyi vijana mliokokotwa kuja kuwashikia wazazi watoto, habari za mchana.

Walionialika waliniomba nizungumze kuhusu kumuuguza mtoto mdogo nyumbani tukiwa nchi za watu. Wakaongeza, kwa upole, nisiwatishe watu. Nitajitahidi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na pia ni mama, na kazi hizi mbili hazikai vizuri katika kichwa kimoja. Wodini, mtoto wa mwenzangu akifika nyuzi 39 namtuliza mama yake kwa sauti laini. Wangu akifika 38 na nusu, nasahau hata kitufe cha kuwashia kipimajoto kiko upande gani.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Ilikuwa siku ya pili ya homa, mafua ya kawaida tu, pua inatiririka, chakula hataki. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Usiku wa manane mtoto akaamka analia, mwili wa moto. Nikampa parasetamoli, nikaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: "Dawa, saa 8." Nikamlaza, nami nikalala pembeni yake. Saa kumi alfajiri baba yake akarudi, mtoto akaamka tena. Kwa huruma, akitaka mimi nilale, akamnyanyua taratibu, akaenda kuisoma karatasi. Mwenzangu huyu amekaa ugenini miaka mingi kunishinda, saa yake ya kichwani imeshageuka. Akasoma "saa 8" kama wanavyosoma wenyeji, yaani saa mbili ya usiku wetu. Akapiga hesabu: muda wa saa nane umepita. Akampa dawa nyingine.

Mtoto akawa amepewa dozi mbili ndani ya saa mbili. Tuligundua tukiwa tunakunywa chai, kila mmoja akimsimulia mwenzake jinsi alivyompa mtoto dawa. Mnacheka sasa. Siku ile hakucheka mtu. Nilipiga simu ya ushauri wa sumu, nikajibiwa na mtu mtulivu aliyeniuliza mambo matatu: uzito wa mtoto, nguvu ya dawa iliyoandikwa kwenye chupa, na saa za kila dozi. Akapiga hesabu, akaniambia kiasi kile kwa uzito ule hakitamdhuru, tusimpe nyingine mpaka muda aliotutajia upite, na tumwangalie. Yakaisha salama.

Lakini fikirini. Kati ya saa ya Kiswahili na saa ya wenzetu kuna pengo la saa 6 kamili. Na parasetamoli hutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6. Hata adui asingelipanga pengo hilo vizuri zaidi. Kazini naandika 02:00 bila kufikiri. Nyumbani, kwa usingizi, mkono uliandika kwa lugha ya mama.

Tangu siku ile nimelifikiria sana jambo hili, na hiki ndicho nilichokuja kukisema. Mtoto akiugua kwenye nyumba yenye watu wengi, hauguzwi na mtu mmoja. Kuna anayembeba, kuna anayemtazama aliyembeba, kuna anayepita na kusema "hebu mlete nimwone," kuna anayekumbuka kwamba jana usiku alitapika mara mbili wala si tatu. Hakuna anayeandika, kwa sababu kumbukumbu imegawanywa kwa vichwa vitano. Ugenini kumbukumbu yote iko kwenye kichwa kimoja, na kichwa hicho hakijalala. Tunachokosa huku mara nyingi si dawa wala daktari. Tunakosa jicho la pili. Basi inabidi jicho hilo tulitengeneze kwa karatasi.

Daftari lenyewe liwe la kawaida kabisa, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba, maana kalamu nyumba yenye mtoto wa miaka miwili haina makazi. Ukurasa wa kwanza uandike tarehe ya kuzaliwa, uzito wa karibuni kwa kilo, dawa zinazomdhuru kama zipo, chanjo alizopata, na anwani yenu kwa herufi za nchi mliyopo. Kurasa zinazofuata ni za siku: saa kwa mtindo wa saa 24, joto, dawa gani na mililita ngapi, amekunywa nini, amekojoa lini, ametapika au kuharisha mara ngapi. Basi. Usiandike insha. Anayeingia zamu, awe mume, dada au jirani mliyemwomba akae naye saa moja, asome kabla hajamgusa mtoto.

Sasa homa. Homa ni nyuzi 38 za Selsiasi kwenda juu. Kuna nchi ambazo kipimajoto kinasoma kwa Farenhaiti, na huko 38 inaitwa 100.4, na 40 inaitwa 104. Vipimajoto vingi vina kitufe cha kubadilisha, na vidole vidogo hukipenda sana kitufe hicho. Ukiona namba isiyoeleweka, tazama herufi iliyo pembeni yake kabla hujapiga mayowe.

Namba yenyewe, niwe mkweli, inatutesa kuliko inavyotusaidia. Nimeona mtoto wa nyuzi 39.5 anasukuma kigari ukumbini na mtoto wa nyuzi 38 aliyelala kama nguo iliyoloa. Wa pili ndiye aliyenikimbiza. Dawa ya homa tunampa mtoto ili apate nafuu, anywe, alale, na si ili namba irudi 37 tutulie sisi. Mtoto mwenye homa anayecheza anaweza kukaa bila dawa kabisa. Msimfunge mablanketi, na msimtie kwenye maji baridi; maji baridi humfanya atetemeke, na kutetemeka kwenyewe kunazalisha joto. Nguo nyepesi, chumba cha kawaida, maji ya kunywa karibu. Onyo moja kwa wenye vichanga: mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, hakuna kungoja wala kujaribu dawa, anapelekwa saa hiyohiyo.

Kwenye dawa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko wahamiaji tunakoumizana bila kujua. Kwanza, majina. Dawa ambayo sehemu kubwa ya dunia inaiita parasetamoli, Marekani na Kanada wanaiita asetaminofeni. Ni kitu kilekile. Ukiwa na chupa moja uliyokuja nayo na nyingine uliyonunua ulipofika, unaweza kumpa mtoto zote mbili ukidhani unachanganya dawa mbili tofauti. Na jina hilohilo hujificha ndani ya dawa za mafua zilizochanganywa. Soma maandishi madogo ya nyuma, yale yanayotaja kiini cha dawa. Maandishi makubwa ya mbele ni biashara.

Pili, nguvu. Dozi ya parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, na kwa kawaida isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 basi ni miligramu 120 hadi 180. Chupa moja ina miligramu 120 katika kila mililita 5, nyingine ina 160, nyingine ina 250. Mama aliyezoea kumpa mililita 7 na nusu za ile ya kwanza yuko sawa kabisa. Akinunua ile ya 250 na kupima mililita zilezile, amempa mtoto 375, zaidi ya maradufu ya kipimo cha juu. Chupa zinafanana, rangi ni ileile, na sanduku lina picha ya mtoto yuleyule anayetabasamu. Kwa hiyo usibebe mililita kichwani kutoka nchi hadi nchi. Beba kilo. Mfamasia akiujua uzito, atakutolea mililita za chupa uliyoishika.

Tumieni bomba la plastiki lenye alama, lile lisilo na sindano, linalokuja na dawa. Kijiko cha jikoni si kipimo; vingine vinabeba mara mbili ya vingine. Aspirini mtoto asipewe kabisa, maana imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo. Dawa za kikohozi na mafua za dukani hazifai kwa aliye chini ya miaka 2, na nchi nyingi zimepandisha umri huo juu zaidi. Kijiko cha asali kinatuliza kikohozi kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Chini ya hapo asali ni hatari, inaweza kubeba vimelea vya sumu ya botulizimu.

Na zile antibiotiki zilizosafiri kwenye sanduku chini ya nguo, nusu chupa iliyobaki ya mtoto wa shangazi... naona watu wanatazama chini. Mafua mengi ya watoto ni virusi, na antibiotiki haivigusi. Kinachobaki ni kuharisha kwa sababu ya dawa, na daktari asiyejua anatibu nini. Mtoto mdogo anayekwenda kwenye kituo cha kulelea watoto kuugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na kikohozi kinaweza kukaa wiki 3 baada ya mengine yote kuisha. Mwaka wa kwanza wa kituo utadhani mtoto hajawahi kuwa mzima. Ndivyo ulivyo, na wa pili huwa na unafuu.

Kuharisha na kutapika ni jambo jingine, kwa kuwa hapo hatari ni kukaukiwa maji, na mtoto mdogo hukauka upesi. Mwaka 1971, wakati watu wa iliyokuwa Pakistani ya Mashariki, leo Bangladesh, walipokimbilia India, kipindupindu kilizuka kambini. Daktari mmoja wa watoto, Dilip Mahalanabis, alikuwa Bangaon, karibu na mpaka. Maji ya kuingiza kwenye mshipa yalimwishia, na wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni. Akachanganya chumvi, magadi na glukosi kwenye maji, akayajaza kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Nakipenda kisa hiki si kwa sababu ya dawa peke yake. Wauguzi hawakutosha. Waliomnywesha mgonjwa pale ni watu waliokuwa mbali na kwao, wasio na kitanda wala mlango, wameshika kikombe. Kila ninapokaa saa kumi usiku na kijiko mkononi, nawakumbuka.

Pakiti za chumvichumvi hizo zinapatikana kila nchi, ila soma maji kiasi gani. Kuna pakiti ya lita moja na kuna pakiti ya mililita 200. Ukitia ndogo kwenye lita, imekuwa nyepesi haimsaidii. Ukitia kubwa kwenye glasi, chumvi imezidi, na hiyo ni mbaya zaidi. Ukikosa pakiti kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3. Kosa la wengi ni kumpa kikombe kizima kwa sababu ana kiu. Kikombe kizima kitarudi chote kifuani mwako. Kijiko kijiko kinachosha, najua, lakini kijiko cha mililita 5 kila dakika 3 ni mililita 100 kwa saa, na hizo si haba. Anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kuzuia kuharisha za watu wazima, hapana.

Nepi ndiyo mizani yako hapo. Saa 8 bila kukojoa, mdomo mkavu, analia bila machozi, macho yameingia ndani, au utosi umebonyea kwa yule ambaye haujafunga bado: huyo si wa kuuguziwa nyumbani tena. Na damu kwenye choo, vivyo hivyo.

Nije kwenye kupumua, kwani ndiko ninakoona wazazi wanachelewa zaidi. Macho yote yako kwenye kipimajoto, kumbe kifua ndicho kinachosema. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue kifua, shika simu yenye saa, na hesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, maana watoto hupumua kwa mafungu. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, Shirika la Afya Duniani linahesabu pumzi 40 au zaidi kwa dakika kuwa kupumua kwa kasi. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Homa yenyewe huongeza kasi kidogo, kwa hiyo hesabu tena ikishuka. Kisha tazama mbavu. Anapovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani badala ya kutoka nje, au tundu za pua zinatanuka, au anagumia kila anapotoa pumzi, usingoje asubuhi. Na kabla hujatoka, chukua video ya sekunde 20. Watoto wana tabia moja ya ajabu: wakifika mbele ya daktari wanatulia kama hawajawahi kuumwa.

Hapa niseme jambo ambalo vipeperushi vingi vya nchi tulizopo havilisemi vizuri. Vinasema "ngozi ikiwa nyekundu," "midomo ikiwa ya buluu," "uso ukipauka." Ngozi nyeusi haiongei hivyo. Upele unaoonekana mwekundu kwa mtoto mweupe, kwa wetu unaweza kuwa wa zambarau, wa kahawia, au usionekane kabisa ila uhisiwe kwa vidole. Mtoto anayekosa hewa, mtazame ulimi, ufizi na kucha. Ule upele wa hatari, unaoweza kuashiria homa ya uti wa mgongo, hupimwa kwa kuugandamiza kwa ubavu wa glasi: ukibaki bila kufifia, piga simu ya dharura. Kwa mtoto mweusi utafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope za chini, na kwenye kaakaa. Na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba usahihi wake hupungua kwenye ngozi nyeusi. Kikisema vizuri na mbavu zinasema vibaya, amini mbavu.

Degedege. Neno lenyewe linatisha, limebeba mambo mengi ya kale. Kati ya watoto 100 walio na umri wa miezi 6 hadi miaka 5, wawili hadi watano hupata degedege la homa angalau mara moja, na wengi hupona bila kubaki na athari. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa, usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si kidole. Likipita dakika 5, piga simu ya dharura. Likiwa la kwanza, aonwe na daktari hata kama limeisha. Kutazama saa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Dakika moja ya degedege ina urefu wa mwaka.

Sasa maneno. Nimesikia simu nyingi za wazazi wetu, na kuna neno moja linalonikosesha usingizi. Kwa Kiswahili tuna kuchoka na tuna kulegea. Mtoto aliyechoka anasinzia, ukimwamsha ananuna, anakusukuma. Mtoto aliyelegea ukimnyanyua shingo inaenda, macho yanakupita, hataki hata kugombana nawe. Kila mama anayejua Kiswahili anajua tofauti hiyo. Lakini akipiga simu kwa lugha aliyojifunza ukubwani, neno la kulegea halimjii. Anasema "amechoka." Upande wa pili wanamjibu kwa upole: mwache apumzike. Wote wawili wamesema ukweli, na mtoto yuko hatarini.

Kwa hiyo, wakati mtoto mzima, mchana, ukiwa na akili zako, tafuta maneno yafuatayo kwa lugha ya nchi uliyopo na uyaandike nyuma ya daftari jinsi yanavyotamkwa: amelegea, haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, anapumua kwa shida. Haya si maneno yangu tu. Manne kati yake yanafanana na dalili za hatari wanazofundishwa wahudumu wa afya kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Ukikosa neno, eleza kitendo. Sema: nikimnyanyua kichwa kinaanguka. Sema: tangu asubuhi hajashika kitu chochote mkononi.

Omba mkalimani. Hospitali nyingi wanao, hata kwa simu, na kuomba si aibu wala si ushahidi kwamba hujui lugha. Mimi nafanya kazi kwa lugha hiyo kila siku na siku mwanangu alipolazwa nilisahau neno la "ubavu". Na tafadhali, msimfanye mtoto mkubwa wa miaka 9 kuwa mkalimani wa mdogo wake. Ataficha lile baya ili mama asilie, au atalitafsiri na kulibeba peke yake.

Namba ya dharura ijulikane na kila aliye nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, Marekani na Kanada ni 911, Uingereza ni 999, Australia ni 000. Anwani ibandikwe karibu na mlango, pamoja na ghorofa na namba ya kengele. Nimewahi kumsikia baba anasema "njooni, ni hapa karibu na kituo cha basi." Mji ule una vituo vya basi mamia.

Na kama mmesafiri kwenda nchi yenye malaria, mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya mwaka tangu kurudi, sema mapema, hata kabla hujaulizwa: tulikuwa mahali fulani, tulirudi tarehe fulani, naomba apimwe malaria. Daktari aliyesomea mahali pasipo na malaria anaweza kuona mafua mchana kutwa. Si uzembe, macho yake yamezoea kingine. Hilo nalo liwe ndani ya daftari.

Nimebakiwa na bibi. Bibi wa kwenye simu, namaanisha. Mama yangu akipiga simu ya video mtoto anaumwa, zamani nilikuwa nakasirika. Ananiuliza maswali yaleyale: amekunywa? amekojoa? anacheza? Mimi na vyeti vyangu najibu kwa kukunja uso. Mpaka siku moja, nikiwa wodini nawafundisha wanafunzi namna ya kumpokea mtoto mgonjwa, nikajisikia nasema: ulizeni anakunywaje, ulizeni mkojo, tazameni kama anashughulika na kitu. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Siku hizi mtoto akiumwa, namwekea mama simu mezani, nampa kazi: mama, mtazame nioge dakika 10, akibadilika piga kelele. Hawezi kuona vizuri rangi ya ulimi kwenye simu, na mara nyingine mtandao unamkata mdomo wazi. Lakini naoga.

Maana anayeuguza naye ni mtu. Anayepata usingizi wa saa 2 tu kila usiku kwa siku tatu mfululizo hatasoma vizuri alama za bomba la dawa, hata awe profesa. Kama uko peke yako na mtoto, mtafute mtu mmoja kabla ya ugonjwa, si wakati wa ugonjwa. Mwambie waziwazi, siku nikikwama nitakupigia usiku. Watu hukubali kuliko tunavyodhani. Na uulize kazini sasa, ukiwa hauna shida, sheria ya nchi uliyopo inakupa siku ngapi za kukaa na mtoto mgonjwa. Nchi nyingi zina siku hizo, na wengi wetu tunazijua mwaka tunaohama.

Naona mwenyekiti ananyooshea saa kidole. Ya ukutani, asante, hiyo haina Kiswahili.

Nimekuja na mizani, iko kule nyuma karibu na dirisha, na madaftari madogo ya kutosha kila nyumba. Leteni watoto mmoja mmoja, viatu vivuliwe, koti livuliwe. Asiyetaka kusimama, apande mzazi amembeba, kisha apande mzazi peke yake, tutatoa. Namba tutaiandika ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe ya leo. Anzeni na yule wa gauni la njano, naona ameshapanda mwenyewe.